Wakili wa Olenguruone Atasema kwa Lugha Gani?

Muhula uliopita nilialikwa na shule moja ya upili iliyo karibu na Olenguruone, katika nyanda za baridi za Kuresoi Kusini, ili nizungumze na wanafunzi wa kidato cha nne kuhusu taaluma wanazoweza kufuata. Nilikuwa nimejiandaa kuisifu isimu, somo ninalolifundisha chuoni, na nilibeba hata mifano ya kuwachekesha. Sikuulizwa swali hata moja kuhusu isimu. Mwalimu wa darasa alipowataka wanaotamani kuwa mawakili wainue mikono, takriban thuluthi moja ya darasa iliinua. Waliotaka kuwa walimu walikuwa wawili, na mmoja wao aliushusha mkono alipoona yu karibu peke yake.

Ndipo msichana mmoja aliyeketi kando ya dirisha akasimama akauliza: "Mwalimu, nikisomea uwakili kisha nirudi hapa Olenguruone, nitafanya kazi gani?"

Wenzake waliangua kicheko, kana kwamba neno "kurudi" lilikuwa kosa la kisarufi. Nami nikampa jibu la kujinasua, kwamba mawakili wanahitajika kila mahali. Nilipokuwa garini nikielekea Molo, nikipita mashamba ya viazi, nilitambua kwamba sikuwa nimemjibu. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile. Nayaandika pia kwa ajili ya walimu wake, maana wao ndio watakaoulizwa tena.

Picha ya wakili iliyo akilini mwa vijana wetu, na aghalabu akilini mwa walimu wao, ni ya zamani. Ni picha ya mtu mwenye suti nyeusi, gari la fahari na ofisi katika jumba refu jijini Nairobi. Picha hiyo ilikuwa na ukweli wake. Marehemu Argwings-Kodhek, anayekumbukwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa wakili nchini, alilazimika kuisomea sheria Uingereza, na aliporejea akawatetea washtakiwa wa Mau Mau wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa hatari kwa kazi yake. Enzi hizo Waafrika waliokuwa mawakili walihesabika kwa vidole. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sheria mwaka wa 1961, Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya kikaanzishwa mwaka wa 1963, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua kitivo chake mwaka wa 1970. Kwa zaidi ya miaka ishirini Nairobi hakikuwa na mshindani humu nchini, hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kufundisha sheria katika miaka ya 1990. Bidhaa iliyo adimu hupanda bei, na wakili alikuwa adimu.

Leo hali ni nyingine. Katika kaunti ya Nakuru pekee kuna vyuo vikuu viwili vinavyofundisha sheria, Kabarak na Egerton, na nchini kote vipo vingine vingi, vya umma na vya kibinafsi. Anayehitimu shahada baada ya miaka minne hajawa wakili bado. Yampasa ajiunge na Chuo cha Mafunzo ya Sheria, alipe karo ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ikikaribia Sh200,000, afanye mitihani ya masomo tisa, na atumikie uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu. Wengi huanguka katika mtihani mmoja au zaidi, wakaurudia, wakalipa tena. Wanaofaulu huapishwa mbele ya Jaji Mkuu kwa mamia katika hafla moja, wazazi wakiwa wamekuja na maua, na kesho yake wote wanaanza kutafuta kazi katika mtaa mmoja.

Mpwa wangu alipitia njia hiyo. Miezi sita ya uanagenzi aliifanya katika ofisi moja ya mawakili ambayo sitaitaja, bila mshahara, ila nauli ya siku alizotumwa mahakamani. Aliingia kazini kabla ya saa moja asubuhi na kutoka usiku. Alipokuwa wakili kamili, ofisi nyingine ilimpa malipo ambayo mwalimu wa shule ya msingi mwenye uzoefu asingeyaonea wivu. Namtaja si kwa sababu kisa chake ni cha ajabu bali kwa sababu si cha ajabu hata kidogo. Mawakili vijana wamekuwa wakiyalalamikia mambo haya hadharani kwa miaka mingi.

Isitoshe, kazi zilizokuwa zikimlisha wakili wa mjini zimepungua au zimebadilika sura. Tangu sheria ya kampuni ya mwaka wa 2015, mtu aweza kusajili kampuni yake bila kumwona wakili. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 na kufunguliwa Milimani mwezi wa Aprili 2021, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni na hutakiwa kuyamaliza kwa siku 60, na mdai aweza kujisimamia mwenyewe. Upatanishi chini ya mahakama ulianza mwaka wa 2016. Masjala ya ardhi yanahamishiwa kwenye kompyuta. Kazi mpya zimejitokeza vilevile, nisije nikaonekana mtabiri wa mabaya tu: afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma imeajiri mawakili kuchukua nafasi ya maafisa wa polisi waliokuwa wakiendesha mashtaka katika mahakama za mahakimu, na kaunti zilizoanza mwaka wa 2013 zina mawakili wao, hasa baada ya sheria ya mwaka wa 2020 kuhusu afisi hiyo. Lakini nafasi hizo hazilingani na idadi ya wanaoapishwa.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja kwa mlango ambao hatukuutazamia. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, mahakama zilipunguza shughuli, na mahakimu na majaji wakaanza kusikiza kesi kwa njia ya video. Mwezi wa Julai mwaka huohuo uwasilishaji wa hati kwa mtandao ulianza Nairobi, na mnamo tarehe 11 Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akauzindua kwa mahakama zote nchini. Karani aliyekuwa akipanga foleni kwenye dirisha la masjala akiwa amekumbatia mafaili sasa anaketi mbele ya kompyuta. Wakili aliyeko Nairobi aweza kuhudhuria kutajwa kwa kesi mbili za Nakuru na moja ya Kisii kabla ya chai ya saa nne, bila kusogea kitini. Mawakili wa miji midogo wananung'unika kwamba wenzao wa jijini wanawapokonya kazi, na wana haki ya kunung'unika.

Hata hivyo, barabara inayomleta mgeni ndiyo inayomtoa mwenyeji. Ikiwa wakili wa Nairobi aweza kufika Nakuru bila gari, basi wakili aliyeko Olenguruone aweza kufika Milimani vivyo hivyo, maadamu ana umeme na mtandao. Zamani kufungua ofisi mahali kama hapa kulikuwa sawa na kujitenga na mahakama. Aliyekuwa na kesi alirauka alfajiri kupanda gari la kwenda Molo au Nakuru, akaambiwa kesi imeahirishwa, akarudi na vumbi lake au matope yake kulingana na msimu. Sasa, kwa mara ya kwanza, wakili aweza kukaa pale walipo watu.

Je, watu hao wana kazi ya kumpa? Hili ndilo nililopaswa kumwambia yule msichana kwanza. Sijui mahali pengine pengi nchini ambapo sheria imepita juu ya vichwa vya watu mara nyingi hivi. Jina lenyewe la Olenguruone lina kiambishi cha Kimaasai. Kuanzia mwaka wa 1941 serikali ya kikoloni iliwapa makao hapo Wakikuyu waliokuwa wameondolewa kwingineko. Mzozo uliozuka, ukitazamwa kwa jicho la mwanaisimu, ulikuwa mzozo juu ya neno. Wao walisema ardhi ile ni githaka chao, yaani milki, fidia ya waliyoipoteza. Serikali ikasema wao ni wakaaji wa masharti, na ikawataka watie sahihi kanuni za ukulima na za urithi. Walikataa, wakala kiapo, na kufikia mwaka wa 1950 walikuwa wamefurushwa, wengine wakapelekwa Yatta. Wanahistoria wanaihesabu Olenguruone miongoni mwa chemchemi za Mau Mau.

Hapo jirani, katika msitu wa Tinet, Waogiek walikwenda Mahakama Kuu mwaka wa 1999 kupinga kuondolewa, na mwezi wa Machi 2000 wakashindwa. Waogiek wa Mau walilazimika kufika Arusha, mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ndipo mnamo tarehe 26 Mei 2017 wakaambiwa kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa, na mwezi wa Juni 2022 wakaamriwa kulipwa fidia. Ongeza juu ya hayo ghasia za mwaka wa 1992 na za mwanzoni mwa 2008, zilizowaacha wengi bila nyumba na bila karatasi, na ufurushaji wa mwaka wa 2009 katika msitu wa Mau. Mahali kama hapa hapakosi kazi ya wakili. Walio na kazi hiyo ndio wasio na pesa nyingi, jambo nitakalolirejea.

Baada ya mazungumzo shuleni, mzee mmoja aliyekuwa mwanachama wa halmashauri ya shule alinivuta kando. "Mwalimu," akasema, "wewe umesoma lugha. Hebu nisomee hii." Akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na nakala za hati za mirathi ya marehemu baba yake. Shamba lilikuwa bado katika jina la marehemu, kama yalivyo mashamba mengi ya huko, na ndugu walikuwa wameanza utaratibu wa kurithi. Kulikuwa na barua ya chifu, ombi lenyewe, na fomu ile ambayo makarani wa mahakama huiita P&A 5, yaani kiapo cha mwombaji kinachoorodhesha warithi na mali. Chini ya hati nyingine, iliyopigwa chapa kwa Kiingereza, palikuwa na alama ya kidole gumba chake.

Nikamsomea kwa Kiswahili. Hati hiyo ilisema kwamba yeye, kwa hiari yake, ameiachilia sehemu yake ya urithi kwa ndugu yake mkubwa.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole kama nina hakika. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba anakubali ndugu yake awe msimamizi wa mirathi, basi. Alikuwa na uhakika kwamba hakuna aliyemsomea neno la "kuiachilia". Sina uwezo wa kusema kama alidanganywa au kama palikuwa na haraka tu, na simtaji aliyeiandaa hati ile. Desturi ya sheria inataka mtu asiyejua kusoma asomewe na kuelezwa yaliyomo katika lugha anayoielewa kabla ya kuweka kidole. Lakini nani atathibitisha kwamba alielezwa, ikiwa maelezo yalikuwa ya mdomo na hati ni ya Kiingereza? Nilimshauri amwone wakili mwingine kabla mirathi haijathibitishwa. Akaniuliza yuko wapi huyo wakili. Nikasema Molo, au Nakuru. Akakunja bahasha yake.

Sasa nije kwenye uwanja wangu, na msomaji aniwie radhi nikikaa hapo kidogo.

Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 49 kinampa anayekamatwa haki ya kuelezwa sababu katika lugha anayoielewa, na kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo. Maneno ni mazuri. Lakini kifungu cha 198 cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, ambacho ni cha zamani zaidi, kinasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kesi za madai nazo zina kanuni kama hiyo. Kwa hivyo Kiswahili ni lugha rasmi hadi mtu anapokata rufaa.

Na hata huko chini, mtu akiketi mahakamani siku nzima, kama nilivyofanya mara kadhaa kwa ajili ya utafiti, huona jambo ambalo mawakili wamelizoea hata hawalioni tena. Shahidi husema kwa Kiswahili, au kwa Kikalenjin au Gikuyu kupitia mkalimani. Hakimu husikia Kiswahili, akaandika Kiingereza. Tafsiri hiyo hufanyika kimyakimya, kichwani mwa mtu mmoja, kwa kasi ya kalamu, na kinachobaki katika faili ni Kiingereza peke yake. Jaji wa rufaa hasomi alichosema shahidi bali anasoma tafsiri isiyo na asili. Shahidi akisema "alinisukasuka", hakimu huandika kwamba alipigwa au kwamba alisukumwa? Akisema "tulikuwa tumeelewana", je, huo ni mkataba au ni mazungumzo tu? Kila mmoja wetu anayefundisha tafsiri anajua kwamba maneno kama haya hayana jibu moja, na kwamba mtafsiri mwaminifu huacha alama mahali penye shaka. Katika faili la kesi hakuna alama.

Majaji wenyewe walilitambua tatizo hili zamani. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka wa 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba mashtaka yasomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na kwamba akikiri, maneno yake yaandikwe kwa karibu iwezekanavyo na jinsi alivyoyasema. Ni kanuni ya busara. Mtu akiulizwa kama alimpiga jirani yake, akajibu, "Ni kweli, lakini yeye ndiye aliyenianza kwa panga," huyo hajakiri kosa. Lakini ikiwa kalamu itasimama baada ya "ni kweli", atakwenda jela kwa koma. Nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi kwamba hakuna darasa la sarufi lenye adhabu kali kama lile.

Hapa ndipo swali la msichana yule na taaluma yangu vinapokutana. Sheria ya mwaka wa 2012 kuhusu Chuo cha Mafunzo ya Sheria iliweka kwamba mwombaji awe na alama ya wastani ya C+ katika mtihani wa KCSE na alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Sharti hilo limebishaniwa sana, mahakamani na bungeni, na waliobishana walitazama zaidi alama. Mimi nimelitazama neno "au". Neno hilo dogo linakiri kwamba Kiswahili kinatosha kumfungulia kijana mlango wa uwakili. Mwanafunzi wa Olenguruone aliyepata B ya Kiswahili na C ya Kiingereza anaingia. Akishaingia, anakuta kila kitu kilichomo ndani ni cha Kiingereza: vitabu, mihadhara, mitihani yote tisa, pamoja na ule wa uandishi wa hati za kisheria. Lugha iliyomwingiza mlangoni haitajwi tena mpaka siku atakapomkabili mteja wake wa kwanza. Mteja huyo atamwambia, "Wakili, nieleze," naye atagundua kwamba hajui kueleza kwa Kiswahili tofauti baina ya msimamizi wa mirathi na mrithi.

Nilipoanza kuyafikiria haya, pendekezo langu lilikuwa "au" igeuzwe kuwa "na". Nimeliacha. Lingewafungia nje vijana wa shule za mashambani ambao Kiingereza chao hakijapata walimu wa kutosha, na hao ndio ninaotaka warudi. Ninachopendekeza ni kidogo zaidi na nadhani ni cha haki zaidi: sehemu ya mtihani wa uandishi wa hati iwe ya Kiswahili. Mwanafunzi apewe mkataba wa kukodi shamba, au kiapo cha mirathi, auandike kwa Kiswahili ambacho mkulima wa viazi ataweza kusomewa na kukielewa, na ambacho hakimu hataweza kukipotosha. Wakati wenyewe unafaa. Sharti la mwaka wa 2012 limetungwa kwa kipimo cha KCSE, na kulingana na mpango wa serikali mtihani huo utafanywa mara ya mwisho mwaka wa 2027, kwa kuwa mtaala mpya unachukua nafasi yake. Sheria itabidi iandikwe upya kwa vyovyote vile. Anayefungua mshono wa nguo ili aipanue, huo ndio wakati wa kutia mfuko.

Wapo wenzangu wanaosema Kiswahili hakina istilahi za sheria. Wavuke mpaka. Mahakama za mwanzo nchini Tanzania zimeendesha kesi kwa Kiswahili kwa miongo mingi, wataalamu wa Dar es Salaam walikuwa wakizishughulikia istilahi za sheria tangu miaka ya 1960, na mwaka wa 2021 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria inayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Utekelezaji una matatizo yake, na mawakili wa huko hawaachi kuyataja. Lakini mtu hawezi tena kusema kwamba jambo hilo haliwezekani.

Kuna sababu nyingine, ya tumbo, na vijana wana haki ya kuijua. Kazi za kwanza alizokuwa akipewa wakili mchanga, yaani kutafuta kesi za zamani, kuandika barua za madai na kuandaa mikataba ya kawaida, sasa zinafanywa na programu za kompyuta zenye akili ya kubuniwa, tena kwa Kiingereza fasaha. Zina hatari zake: mwezi wa Juni 2023 mawakili wawili jijini New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi ambazo programu hiyo ilikuwa imezibuni, hazijapata kuwako. Hata hivyo ofisi nyingi hazitamlipa kijana kufanya kwa siku mbili kazi inayofanywa na mashine kwa dakika mbili, hata ikibidi ikaguliwe. Kazi ambayo mashine haiwezi ni ile ya kuketi na mzee mwenye bahasha, kumsikiliza katika Kiswahili chake chenye mikunjo ya Kikalenjin, na kumsomea hati hadi ajue anaweka kidole juu ya nini. Huenda siku moja mashine zikajifunza na hilo. Kwa sasa anayelijua ana kitu cha kuuza.

Nilisema nitarejea suala la pesa. Wakili wa Olenguruone hatatajirika upesi. Wateja wake watamlipa kidogokidogo kwa M-Pesa baada ya kuuza maziwa au majani ya chai, na baadhi hawatamlipa. Tayari ana mshindani: yule kijana wa saiba anayewajazia watu fomu za serikali kwa shilingi chache, na ambaye, tangu mahakama zihamie mtandaoni, huombwa pia "asaidie kidogo" na hati za kesi. Sheria haimruhusu asiye wakili kuandaa baadhi ya hati kwa malipo, lakini watu hawamwendei kwa kupenda kuvunja sheria. Wanamwendea kwa sababu yuko hapo, mlango uko wazi, na anasema nao wakaelewa. Sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka wa 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioidhinishwa. Kama kijana huyo angefunzwa na kuidhinishwa, na wakili mmoja akawa na ofisi chumba cha pili, kila mmoja angemletea mwenzake kazi. Ukubwa wa pesa za mirathi pia usidharauliwe. Tangu sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka wa 2015, hakimu mkuu aweza kushughulikia mali ya hadi Sh20 milioni, na mashamba mengi ya huko yameshuka kutoka Mahakama Kuu hadi kwa mahakimu, ambako, nikumbushe, Kiswahili kinaruhusiwa.

Kwa walimu, basi, ombi langu ni kwamba mwanafunzi anayesema anataka kuwa wakili asipelekwe mbio kwa mwalimu wa Kiingereza peke yake. Mpelekeni pia kwa mwalimu wa Kiswahili, na mwalimu huyo asimpe insha ya methali tu. Ampe barua ya chifu aiandike upya kwa lugha nyofu. Ampe tafsiri ya Kiswahili ya Katiba ailinganishe na ile ya Kiingereza, kifungu kwa kifungu, aone mahali zinapopishana. Na amweleze bila kumficha kuhusu karo, mitihani tisa, na miezi sita ya nauli tupu.

Nimekubaliana na mwalimu wa Kiswahili wa shule ile kwamba nitarudi muhula ujao. Tutageuza darasa kuwa mahakama kwa siku moja: shahidi atasema kwa Kiswahili, mwanafunzi mmoja ataandika kwa Kiingereza, wa tatu atayarudisha maandishi hayo kwa Kiswahili bila kumsikia shahidi, kisha tutasoma yaliyosalia. Msichana wa kando ya dirisha ameomba awe ndiye wa kuandika. Yule mzee naye amepiga simu kusema kwamba alifika Molo, akamkuta wakili, na kwamba mirathi yao imepangiwa kutajwa tena.